Saa Sitini za Moyo Mwema

Haya yalitokea katika nchi ambayo jina lake sitalitaja. Si kwamba naogopa. Kulitaja jina la nchi yetu katika maandishi kunahitaji kibali, kibali hutolewa na ofisi inayofunguliwa Jumatano tu, na Jumatano mimi nina vipindi saba. Kwa hiyo nitasema "nchi yetu", na wewe msomaji ukidhani umeitambua, hilo ni lako na macho yako.

Mwaka huo Mheshimiwa Waziri wa Elimu alikwenda ng'ambo kujifunza. Huko, kwa maelezo yake mwenyewe, aliwaona watoto wa shule wakipalilia maua mbele ya nyumba ya kutunzia wazee, akasimama, akalia. Tunajua alilia kwa sababu picha zilitoka magazetini kwa siku nne mfululizo. Aliporudi hakupita hata nyumbani. Alitoka uwanja wa ndege akaenda redioni, akalitangazia taifa kwamba kuanzia muhula unaofuata kila mwanafunzi wa darasa la nane katika shule za kati atajifunza kwa kuihudumia jamii, saa sitini, kwa moyo wake mwenyewe, bila kusukumwa na mtu yeyote.

"Kujitolea ni hiari," alisema Mheshimiwa, "na asiyejitolea atachukuliwa hatua kali."

Hatua yenyewe ilikuwa hii: mtoto asiyekuwa na saa sitini za wema zilizopigwa muhuri hatafanya mtihani wa kuingia sekondari.

Naomba nieleweke. Mimi jambo hili nililipenda. Nimefundisha miaka ishirini na sita, na najua kwamba mtoto aliyewahi kumnywesha mgonjwa uji ana kitu kichwani ambacho mimi na ubao wangu hatuwezi kukiweka. Niliisikiliza hotuba ile jikoni nikakubali kwa kichwa. Nilikuwa sijaiona fomu.

*

Shuleni kwetu lilihitajika jina la mwalimu mmoja wa kusimamia somo hilo jipya. Kikao cha walimu kilipofika kwenye ajenda hiyo mimi nilikuwa nimekwenda chooni, na choo cha walimu kiko mbali. Niliporudi nilikuta nimeshachaguliwa kwa kauli moja, na Mwalimu Mkuu, Bwana Chikoti, alikuwa tayari ananishukuru kwa kujitolea. Tangu siku hiyo nikaitwa Mwalimu wa Wema.

Fomu ililetwa katika maboksi kumi na moja. Iliitwa Fomu ya Wema Namba Saba na ilijazwa nakala nne. Ilitaka jina la mtenda wema, jina la mtendewa wema, aina ya shida, na ukubwa wa shida, ambao ulikuwa wa namna tatu: ndogo, ya wastani, au ya kuridhisha. Ilitaka pia mashahidi wawili wasio ndugu, na picha ya tukio ambayo bango la Wizara linaonekana vizuri nyuma. Pamoja na maboksi ulikuja waraka unaopiga marufuku methali moja. Sote tumekua tukiambiwa "tenda wema nenda zako". Wizara iligundua kwamba methali hiyo inawahimiza watoto waondoke kabla ya fomu kujazwa. Tuliagizwa tuwafundishe hivi: tenda wema, ngoja muhuri.

Tatizo lilikuwa upande wa mtendewa. Wizara, kwa kuogopa watoto wasije wakamsaidia mtu asiye na shida, iliamua kwamba wema utatendwa kwa Mhitaji Aliyesajiliwa tu. Kumsaidia mtu mwingine yeyote kuliitwa wema holela, na wema holela ulikuwa kosa. Kusajiliwa kwenyewe kulifanyika makao makuu ya wilaya, ghorofa ya pili, mhitaji afike mwenyewe kwa miguu yake, bila kushikwa mkono wala kubebwa, kwa maana aliyeshikwa mkono atakuwa ameshasaidiwa kabla ya kusajiliwa.

Kata yetu haina uhaba wa wahitaji. Wako wasioona, wako waliokatwa miguu, wako wazee wa miaka tisini. Wote walikwenda, na wote walirudi kutoka ngazi ya kwanza. Aliyefanikiwa ni mtu mmoja tu, Bi Kidawa mfinyanzi, mwanamke wa miaka sitini na moja mwenye mikono minene kuliko mapaja yangu, anayebeba udongo kichwani kutoka bondeni bila kuhema. Bi Kidawa alikwenda wilayani kufuatilia hati ya kiwanja chake. Akaona foleni mbili, moja ndefu na nyingine haina mtu. Akaenda kwenye ile isiyo na mtu, akaulizwa jina, akapigwa picha, akatoka na kadi ya Mhitaji.

Wanafunzi wangu wa darasa la nane walikuwa mia mbili na kumi na wawili. Wote wakaenda kwa Bi Kidawa.

Walimfagilia uwanja mpaka mawe yakatokea. Walimletea uji mara tisa kwa siku. Walimkata kucha, wakamsomea gazeti, wakamvusha barabara ambayo hakuwa na haja ya kuivuka, kisha wakamrudisha kwa sababu kundi la pili nalo lilihitaji kumvusha. Yeye mwanzoni alicheka. "Mwalimu," aliniambia, "nimezaa wanne na hakuna hata mmoja aliyewahi kunikata kucha. Serikali hii inanipenda mpaka naogopa."

Wiki ya tatu likaja kundi la watoto thelathini wenye bidii. Wakakuta nyuma ya nyumba vyungu sabini na kitu vimepangwa juani, vina vumbi. Wakaviosha. Hawakujua kwamba chungu ambacho hakijachomwa ni udongo tu. Waliviosha kwa maji mengi na kwa moyo safi, wakapigwa picha na bango likaonekana, na jioni Bi Kidawa aliporudi kutoka bondeni alikuta matope. Hiyo ilikuwa kazi yake ya miezi miwili. Siku hiyo kadi yake ilianza kusema kweli.

*

Sasa nije kwa Mashavu, maana yeye ndiye aliyenifanya niandike.

Mashavu alikuwa na miaka kumi na minne, mrefu, mkimya, na kila siku alichelewa. Alifika kengele imeshalia, mikono ya gauni imelowa, na mwalimu wa zamu akampa adhabu ya kuosha vyoo. Alivipokea vyoo vile bila neno. Katika hesabu alikuwa wa kwanza au wa pili, na katika sayansi hakuwa na wa pili wake. Wiki ya tano nilikusanya fomu. Yake ilikuwa nyeupe.

"Mashavu, huna hata saa moja."

"Sijapata nafasi, Mwalimu."

"Asubuhi unafanya nini?"

"Namgeuza Mzee Tindwa."

Nilimwambia anieleze, akanieleza kwa kifupi, akitazama viatu vyake. Mzee Tindwa ni jirani yao. Alikuwa seremala, na madawati tunayokalia pale shuleni ameyapiga yeye. Miaka miwili iliyopita alipata kiharusi, upande wa kulia wote ukafa. Mke alishatangulia, watoto hakujaliwa. Kila asubuhi Mashavu huchota ndoo mbili bombani, humsafisha, humgeuza ubavu wa pili ili asipate vidonda, humnywesha uji, ndipo huja shule. Jioni hurudia.

"Nani alikutuma?"

"Hakuna mtu. Alikuwa anaita, nikaingia."

Nilipiga hesabu usiku ule, saa tatu kwa siku kwa miaka miwili. Zilipita saa elfu mbili. Kwenye fomu zilikuwa sifuri, kwa kuwa Mzee Tindwa hakusajiliwa. Nikauliza kwa barua kama angalau vile vyoo alivyoosha vinaweza kuhesabiwa. Wizara ilijibu haraka isivyo kawaida yake: vyoo vilioshwa kwa adhabu, na wema hauwi wema mpaka utoke moyoni.

Nilimuuliza Mashavu anataka kuwa nani akimaliza shule. Wenzake huniambia rubani. Yeye alifikiri kwanza, akasema, "Nataka nikasome nijue kwa nini upande mmoja wa mtu unakufa na mwingine unabaki." Nilijua wakati ule kwamba mtoto huyu lazima aufanye mtihani.

*

Nilikwenda wilayani. Afisa Wema wa Wilaya, Bwana Mlekwa, ni mtu mpole sana. Ana kalamu nne mfukoni na sijawahi kumwona akikasirika. Alinipa kiti, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Huyo mzee ni mhitaji kweli," alisema. "Inasikitisha. Aje ajisajili."

"Hawezi kutembea, Bwana Afisa."

"Basi ajaze fomu ya kutoweza kutembea."

"Naomba moja nimpelekee."

"Hiyo anachukua mhusika mwenyewe. Hapa hapa, dirisha lile."

"Na kama tukimbeba?"

Alinitazama kwa huruma. "Mwalimu, mkimbeba mtakuwa mmeshamsaidia. Tena nyinyi ni watu wa elimu, mtaonekana mmefanya makusudi."

"Ninyi je, hamwezi kuja kumwona nyumbani kwake?"

"Tukija, tutakuwa tumemfuata. Aliyefuatwa na serikali nyumbani kwake si mhitaji, ni mheshimiwa."

Nikamkumbusha kuhusu Bi Kidawa, aliyesajiliwa akiwa na nguvu za ng'ombe. Bwana Mlekwa alitabasamu. "Yule hakuomba," alisema. "Katika kazi hii nimejifunza jambo moja. Mhitaji wa kweli haombi. Wewe umekuja kuomba, na hiyo tayari inatia shaka."

Nilimshukuru. Katika nchi yetu ukishashindwa kabisa unashukuru, ndiyo desturi. Nilishuka zile ngazi polepole nikiwa nimechoka kama mtu aliyezipanda na gunia.

Bi Kidawa aliposikia habari ile, aliniita. Alikuwa amekaa mbele ya nyumba yake, mikono imetulia mapajani, kwa kuwa hakuwa na udongo wa kufinyanga na uwanjani watoto ishirini walikuwa wakifagia mawe. "Andika kwamba huyo binti alinifulia," alisema. "Andika saa sitini zote. Nitaweka dole gumba. Hao wengine umeandika uongo mkubwa zaidi ya huo, na mimi nilikuwepo."

Sitajitetea. Nilikuwa tayari kuandika. Lakini asubuhi iliyofuata ikaja barua. Wizara ilijumlisha na kuona kwamba Bi Kidawa ameshatendewa wema kwa saa kumi na mbili elfu mia sita na sitini. Muhula mzima, usiku na mchana, hauna hata saa elfu tatu. Hakuna aliyeliuliza hilo. Kilichowagusa ni kwamba mtu aliyesaidiwa kiasi hicho hawezi tena kuwa na shida. Kadi yake ilifutwa. Na kwa kuwa hakukuwa na mhitaji mwingine katika daftari, kata yetu ilitangazwa kuwa Kata ya Kwanza Isiyo na Mhitaji Hata Mmoja, na Mheshimiwa Waziri mwenyewe atakuja kutukabidhi ngao.

Saa zile ukizigawa kwa sitini unapata watoto mia mbili na kumi na mmoja. Aliyebaki nje ya hesabu ni Mashavu peke yake.

*

Ujio wa Waziri ulihitaji kilele, na kilele kilihitaji mazoezi. Bwana Mlekwa alipanga kwamba darasa la nane lote litafagia mbele ya Mheshimiwa, wote kwa pamoja, mfagio wa kulia, mfagio wa kushoto, geuka. Siku kumi na nne za mazoezi na siku ya kilele yenyewe. Kila siku itahesabiwa saa nne za wema, maana kuonyesha wema kuna uzito kuliko kuutenda. Nilizidisha kichwani nikaona sitini kamili. Nikauliza kama mwanafunzi asiye na saa kabisa anaweza kuzipata zote hapo. Bwana Mlekwa akasema anaweza, mradi asikose hata siku moja. Akikosa moja, zote zinafutwa.

Mazoezi yalianza saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa nne. Ndiyo saa za Mzee Tindwa.

"Sitaweza, Mwalimu," alisema Mashavu.

"Utaweza. Mimi nitakwenda kwa Mzee."

Alinipima kwa macho kutoka juu mpaka chini, kama mama mkwe. Kisha akanipeleka kunifundisha. "Usimvute mkono, utamtegua. Shika bega na nyonga, umsukume kwako. Uji usiwe wa moto, upande ule hasikii, atababuka bila kujua."

Mzee Tindwa alikuwa na mdomo uliopinda na maneno yaliyonyooka. "Kwa hiyo serikali imeniletea mwalimu," alisema siku ya kwanza. Siku ya pili alisema, "Taratibu, baba. Mikono yako imezoea chaki. Mtu si ubao." Siku ya sita nilimgeuza vizuri, akanyamaza, na nikajua nimefaulu. Nilikuwa naamka saa kumi na moja, mgongo unaniuma, naingia darasani na harufu ya sabuni. Naliona hili ni la kusema wazi: sikuwa nimefurahi vile kwa miaka mingi.

Huko uwanjani, wakati huohuo, lilizuka jambo jingine. Kata ilikuwa safi mno. Watoto walikuwa wamefagia muhula mzima na hakukuwa na cha kufagia mbele ya Waziri. Bwana Mlekwa aliagiza taka kutoka mjini, matrekta mawili. Zilichaguliwa zisizonuka, zikamwagwa uwanjani kwa mistari, kila mtoto na fungu lake, na usiku zililindwa na mgambo zisije zikaibwa au kufagiwa na mtu asiyehusika.

*

Siku ya kilele mimi nilitakiwa uwanjani alfajiri pamoja na watoto wangu. Nilifikiri kutafuta mtu wa kwenda kwa Mzee, na niliyemwomba alikuwa amealikwa sherehe. Wote walikuwa wamealikwa. Nikajiambia sherehe itakwisha saa nne, nitakwenda saa nne. Mzee hatakufa kwa saa nne. Hivyo ndivyo nilivyojiambia.

Saa nne ilipita. Saa tano, mgeni rasmi yuko njiani. Saa sita, yuko darajani. Jua lilikuwa la kuunguza, na lango la uwanja lilifungwa kwa kufuli kwa amri ya Bwana Mlekwa ili umati usipungue. Watoto mia mbili na kumi na wawili walisimama kila mmoja mbele ya fungu lake la taka, mifagio begani.

Mashavu alitoka mstarini akaja kwangu. "Mwalimu, Mzee hajanywa maji tangu jana jioni."

"Vumilia kidogo, mwanangu. Wanakaribia."

Saa saba alikuja tena. "Mwalimu, anakaa ubavu mmoja tangu jana."

"Najua. Kidogo tu."

Saa nane alikuja mara ya tatu. Alisimama mbele yangu akingoja niseme mimi. Nilikuwa mtu mzima pale, nilikuwa mwalimu wake, na miguu yangu miwili ilikuwa mizima. Ningeweza kumwambia, baki wewe, naruka mimi. Nilitazama ukuta, nikamtazama Bwana Mlekwa na kalamu zake, nikasema, "Waziri yuko darajani."

Aliuweka mfagio wake chini, vizuri, ukiwa umenyooka, akaupanda ukuta akaenda.

Mheshimiwa alifika nusu saa baadaye. Alishuka garini, akapewa mfagio mpya wenye utepe, akafagia mara mbili, akashangiliwa. Kisha akahutubia. "Ndugu wananchi," alisema, "nimetembea kata nzima hii kwa gari, na kupitia kioo sikumwona hata mtu mmoja mwenye shida. Mnataka ushahidi gani tena? Watoto hawa wameumaliza uhitaji. Wameufagia!" Watoto wakafagia, kulia, kushoto, geuka. Katika mstari wa saba kulikuwa na fungu moja la taka ambalo halikuguswa na mtu. Mheshimiwa alilitazama. Bwana Mlekwa akalitazama. Mimi nilitazama chini.

*

Mzee Tindwa alikuwa hai. Mashavu alimkuta sakafuni, katikati ya kitanda na mtungi, amejiburura kwa mkono mmoja mzima mpaka kiwiko kimechubuka. Alikuwa hajaufikia. Mashavu alimpa maji kidogo kidogo kwa kijiko, kwa sababu mtu mwenye kiu ya namna ile ukimpa kikombe anapaliwa. Hayo niliambiwa baadaye. Mimi wakati huo nilikuwa naimba wimbo wa wilaya.

Kesho yake kikao kilifanyika ofisini kwa Mwalimu Mkuu. Mashavu aliagizwa aandike sababu ya kuacha wema katikati ya wema. Aliandika mstari mmoja: Nilikwenda kumpa Mzee Tindwa maji. Bwana Mlekwa aliusoma kwa masikitiko ya kweli.

"Amekiri," alisema. "Mtu hajasajiliwa, kata haina mhitaji, na Mheshimiwa amelitangaza hilo mbele ya taifa. Sasa huyu binti anaandika kwamba kuna mtu ana kiu. Mwalimu, hata wewe unaona."

"Ana miaka kumi na minne," nilisema.

"Ndiyo maana hatumshtaki. Tunafuta saa tu."

Saa hazifutwi mpaka Mwalimu wa Wema atie sahihi. Karatasi ilisukumwa mbele yangu. Bwana Chikoti aliniambia kwa upole kwamba nimebakiza miaka miwili nistaafu na kwamba hapa hakuna anayenilazimisha. Kalamu nilipewa na Bwana Mlekwa, mojawapo ya zile nne. Nilitia sahihi. Niliona aibu, lakini aibu haikuuzuia mkono, na mwandiko wangu ulikuwa mzuri kama siku zote.

Alfajiri iliyofuata nilikwenda kwa Mzee Tindwa. Sijui nilitaka kusema nini. Mashavu alikuwa ameshafika, ndoo mbili ziko kando, na Mzee alikuwa akimsemesha kwa ukali. "Ungeniacha. Mimi sina mtihani wa kufanya, wewe unao. Ungeniacha nikae na kiu yangu."

"Nyamaza unywe uji," alisema Mashavu.

Kisha akaniona nimesimama kizingitini na kofia mkononi. Nilifungua mdomo.

"Usizibe mwanga, Mwalimu," alisema. "Ingia, shika miguu."

Niliingia nikashika miguu. Tulimgeuza.

*

Mtihani ulifanyika mwezi wa kumi na moja. Watoto mia mbili na kumi na mmoja waliingia ukumbini, na Mashavu alikuwa bombani. Baada ya masomo mengine yote likaja lile jipya, Somo la Wema, na kwa kuwa hakukuwa na msahihishaji mwingine aliyelisomea, karatasi zote zililetwa kwangu pamoja na mwongozo wa Wizara.

Swali la kwanza lilikuwa na alama kumi. Lilisema: Jirani yako mzee, asiyeweza kutembea, ameanguka nyumbani kwake na ana kiu. Utafanya nini? Jibu sahihi, kwa mujibu wa mwongozo, lilikuwa: Nitamuuliza kama amesajiliwa.

Walilipata wote. Nilisahihisha mpaka macho yakauma, karatasi baada ya karatasi, na kila mmoja alikuwa ameandika vilevile, kwa maneno yaleyale niliyowaandikia ubaoni. Sikuwahi kuwa na darasa lililofaulu namna ile.

Karibu na mwisho nilifika kwenye karatasi ya mtoto mmoja wa dawati la nyuma. Yeye alikuwa ameanza kuandika, "Nitampa maji". Kisha akayakata maneno hayo, kwa rula, mstari mmoja ulionyooka, na chini yake akaandika jibu sahihi. Nikampa alama zote kumi.